Mfuko wa Nyumba: Televizyo ya dola 220 inayogeuka dola 890



Juma hili tunaacha unga na makala ya kupikia pale jikoni, tunaingia saloni. Tangu baridi ya mwezi wa saba ipite, swali moja limerudi mara nyingi katika mikutano yetu hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi: "Tunataka televizyo kubwa na bafle zake, sinema ya nyumbani kama tunayoona kwa wengine. Tuanzie wapi?" Wachache walisema hilo si swali la chama cha wamama. Sisi tunaona ni swali letu kabisa, kwa sababu feza inayonunua televizyo inatoka katika mfuko uleule unaonunua ndakala na unaolipa minervali.

Wala hatutaki kumwambia mtu kwamba kutamani televizyo ni dhambi. Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe yetu ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi na Inter ya Milano, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Wengi wetu tuliitazama tukiwa wima dirishani kwa jirani, mtoto mgongoni. Tulifungwa 3 kwa 0, lakini ile siku hatujaisahau. Kuketi kwenye kiti chako, katika nyumba yako, na watoto wako wakiwa pembeni, ni jambo zuri. Tunachouliza ni njia ya kulifikia pasipo kuumiza nyumba.

Yaliyompata mwenzetu

Mama mmoja wa kwetu ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, mradi tusimtaje jina. Yeye na baba watoto wana parsele yao, nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mabati. Vijana wao wawili walizoea kutoka jioni kwenda kwenye nyumba ya video, wanarudi saa nne za usiku, siku nyingine saa tano. Mama hapati usingizi mpaka asikie mlango. Baba akasema: "Tununue televizyo kubwa, watabaki nyumbani." Mama akakubali, na sisi hatuoni kama alikosea kukubali.

Zamu yake ya likelemba iliangukia mwezi wa nane: dola 400. Feza hiyo ilikuwa tayari na jina lake, minervali ya kijana mkubwa, maana masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za serikali, na sekondari bado tunalipa. Wakaambiana kwamba minervali watalipa kidogo kidogo. Wakanunua televizyo ya inchi 55 kwa dola 360 na bafle ndogo kwa dola 40. Haikubaki hata franka moja ya stabilizateri.

Miezi miwili nyumba ilikuwa na furaha. Vijana walibaki nyumbani kweli. Kisha mvua zikaanza. Jioni moja umeme ulikatika na hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya. Uliporudi, ulirudi na nguvu nyingi, kioo kikawaka mara moja kisha kikawa giza. Fundi aliifungua, akawaonyesha kadi ya ndani iliyoungua, akaomba dola 150. Wiki hiyohiyo kijana alirudishwa kutoka shule kwa sababu ya minervali. Na likelemba haikusimama: aliyepokea mapema ana deni kwa wenzake mpaka zamu ya mwisho.

Baba alinyamaza siku tatu. Mama naye alikosa mikutano miwili, kwa sababu sote tulijua zamu ile ilikuwa ya kazi gani. Mkutano wa tatu alikuja, akafungua daftari mbele yetu, akasema: "Nisaidieni kuhesabu. Nataka kujua tulikosea wapi." Hesabu inayofuata tuliifanya siku ile pamoja naye.

Nguzo nne za hesabu

Dukani tunaulizia bei moja, ile iliyobandikwa kwenye kioo. Nyumbani kuna bei nne. Chukua daftari, ugawe ukurasa katika nguzo nne. Bei tunazotia hapa ni mfano tu wa kuonyesha hesabu. Wewe utaweka zile utakazokuta sokoni siku yako.

Nguzo ya kwanza ni vitu vya kutazama na kusikiliza. Televizyo ya inchi 43, dola 220. Bafle ndefu ya kuweka chini ya televizyo, dola 70. Dekoda na antena yake, dola 30. Jumla dola 320.

Nguzo ya pili ni vitu vya kulinda. Stabilizateri, dola 35. Multipriz nzuri yenye waya mnene, dola 10. Vyuma vya kushikilia televizyo ukutani, dola 15. Fundi, dola 20. Jumla dola 80.

Nguzo ya tatu ni umeme wa akiba, kwa ajili ya jioni zile ambazo mtaa mzima uko gizani. Batri, dola 130. Inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani, dola 60. Plaki ya jua, dola 80. Kontrola inayozuia batri isijae kupita kiasi, dola 20. Nyaya, dola 20. Jumla dola 310.

Nguzo ya nne ni ya kila mwezi. Abonema ya dekoda, tuseme dola 15. Kwa mwaka ni dola 180.

Sasa jumlisha: 320 na 80 na 310 ni dola 710. Ongeza abonema ya mwaka wa kwanza, ni dola 890. Televizyo uliyoiona dukani kwa dola 220 imekuwa mara nne. Mwenzetu alipofika kwenye jumla hii aliweka kalamu chini. Alisema kama wangeandika nguzo ya pili peke yake, wangechukua televizyo ndogo zaidi na stabilizateri, na feza ingebaki.

Tukumbuke pia kwamba vitu hivi vinauzwa kwa dola, na wengi wetu tunapata franka. Unayeweka akiba kwa franka, angalia bei ya dola kila mwezi, uandike akiba yako kwa dola. La sivyo utafika dukani ukute lengo limesogea.

Umeme unaokula ni kiasi gani?

Mama wengi wanaogopa kwamba televizyo kubwa itamaliza umeme waliolipia. Tuhesabu. Nyuma ya kila chombo kuna namba yenye herufi W, yaani wati. Televizyo ya LED ya inchi 43 inakula karibu wati 80, bafle 30, dekoda 15: pamoja ni wati 125. Ukitazama saa 4 kwa siku ni wati 500 za saa, yaani nusu ya kilowati kwa saa. Kwa mwezi ni 15.

Linganisha na reshu ya umeme ya wati 1500: saa moja tu ya kuchemsha maharagi ni kilowati moja na nusu, sawa na siku tatu za televizyo. Basi asiyetaka umeme umalizike aangalie jikoni kwanza, kisha pasi, ndipo aje saloni.

Kwa batri, hesabu ni hivi. Batri ya volti 12 iliyoandikwa 100 Ah ina wati 1200 za saa. Lakini batri ya kawaida ya risasi ukiimaliza yote inakufa mapema. Tumia nusu tu, yaani 600. Inveta nayo inakula sehemu yake. Zinabaki karibu 500, na kwa wati zetu 125 ni saa 4 za kutazama. Plaki ya wati 200 ikipata saa 4 za jua zuri inaweza kurudisha kiasi hicho. Wakati wa mvua jua ni haba, kwa hiyo wakati huo tazama muda mfupi. Muuzaji akikuambia kwamba batri ndogo kuliko hiyo itakupeleka usiku mzima, mwombe afanye hesabu hii mbele yako.

Pima saloni kwa kikwembe

Inchi za televizyo zinapimwa kutoka pembe moja ya kioo mpaka pembe ya pili, kwa mshazari. Inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni karibu sentimita 140, inchi 65 ni sentimita 165. Ili macho yasichoke, kiti kiwe mbali na kioo mara moja na nusu mpaka mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Kwa inchi 43 ni kati ya mita 1 na sentimita 60 na mita 2 na sentimita 70. Kwa inchi 65 ni kuanzia mita 2 na nusu.

Hauna mita ya fundi? Kikwembe chako cha yadi 2 kina urefu wa karibu sentimita 183. Kitandike chini kutoka ukuta wa televizyo kuelekea kitini. Kama kiti kinaanzia pale kikwembe kinapoishia, inchi 43 inatosha vizuri, na 65 itakuumiza shingo na macho bure. Kipimo hiki kimewaokolea feza wamama watatu wa kikundi chetu kabla hawajatoka nyumbani.

Kuhusu sauti: paa la mabati na kuta tupu vinafanya maneno yagongane. Kabla ya kununua bafle kubwa zaidi, weka pazia zito, mkeka au zulia, na uinue bafle ifike karibu na masikio ya mtu aliyeketi. Usiisukume kwenye kona, maana huko inanguruma tu. Na jirani analala ukuta wa pili. Sinema nzuri haihitaji kusikiwa na avenii nzima.

Dukani na sokoni

Bidhaa nyingi zinatufikia kwa barabara kupitia Kasumbalesa, na nyingine ni okazyo kutoka mbali. Hivyo angalia mambo haya matano.

Moja, kibandiko cha nyuma kiwe kimeandikwa volti 220, au 100 mpaka 240. Kilichoandikwa 110 au 120 peke yake kitaungua siku ya kwanza ukikichomeka ukutani kwetu.

Mbili, angalia kichwa cha waya. Vingi vina miguu mitatu, na ukuta wetu una matundu mawili ya mviringo. Nunua kiunganishi kimoja kizuri kinachoshika sana. Kinacholegea kinapata moto, na moto ule unachoma nyumba.

Tatu, televizyo ya okazyo iwashwe mbele yako nusu saa nzima, siyo dakika mbili. Angalia mistari, madoa meusi, sauti, matundu ya nyuma na telekomandi.

Nne, jaribu kuingiza fulashi yenye sinema. Ikisoma, unaweza kukaa miezi mingi pasipo kulipa abonema yoyote.

Tano, omba fakture yenye tarehe na jina la muuzaji, na uulize garanti ni ya muda gani, na kama umeme ukiiunguza watakubali kuipokea. Mwenzetu hakuuliza. Aliporudi dukani aliambiwa garanti haihusu umeme.

Na sasa kwa kuwa mvua zinakaribia: stabilizateri inasaidia umeme unaopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Radi ikianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa antena pia. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kumi utulie ndipo uwashe. Mfundishe hata mtoto wa miaka kumi kazi hii, iwe yake.

Kununua kwa hatua

Tuseme nyumba inaweza kuweka dola 25 kila mwezi baada ya chakula, minervali, dawa na likelemba. Mpango wa hatua ni huu.

Hatua ya kwanza: televizyo na nguzo yote ya kulinda, dola 300. Ni miezi 12. Mnatazama fulashi, na stesheni za bure kama zinashika kwenu.

Hatua ya pili: umeme wa akiba, dola 310. Ni miezi 13. Akiba ya miezi 13 ni dola 325, zinabaki 15. Na umeme huu unawasha pia taa na unajaza simu, kwa hiyo ni faida hata kwa mtoto anayesoma jioni.

Hatua ya tatu: bafle na dekoda, dola 100. Ni miezi 4, ukiongeza zile 15. Tumeweka dekoda mwisho kwa makusudi. Siku unapoanza abonema ya dola 15, akiba yako ya 25 inabaki 10, na kila kitu kinachofuata kinachelewa.

Jumla ni miezi 29. Tunasikia mnavyoguna. Ni miaka miwili na miezi mitano, ndiyo. Asiyeweza kungoja apunguze kitu, asiongeze deni. Televizyo ya inchi 32 kwa dola 120, stabilizateri 35 na multipriz 10 ni dola 165: kwa akiba hiyohiyo ni miezi 7, na watoto wanabaki nyumbani. Wale wanaofikiri watarudisha feza kwa kulipisha majirani siku za mechi, tunawashauri wasiiandike feza hiyo katika hesabu. Jirani wa kweli hatalipa, na ukimlipisha hatakuwa jirani tena.

Sheria yetu moja

Baada ya mkutano ule kikundi chetu kilikubaliana jambo moja: feza ya likelemba iliyopewa jina haibadilishwi jina nje ya nyumba ya mwenyewe na pasipo kungoja siku saba. Mama na baba watoto wanaketi, watoto wakiwa wamelala, na daftari liko mezani. Kama mmoja anataka televizyo, aseme wazi anataka kwa ajili ya nini. Kwa mwenzetu jibu lilikuwa: vijana walale nyumbani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini hapakuhitajika inchi 55 kulifikia.

Tusisahau wadogo. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefika miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 mpaka 4 asipitishe saa moja kwa siku. Kwa hiyo saa za televizyo nazo ziandikwe, kama tunavyoandika feza. Na televizyo ifungwe ukutani vizuri, maana ile iliyosimama juu ya meza ndogo mtoto anaweza kuivuta imwangukie.

Mnauliza mwenzetu yuko wapi leo. Minervali imelipwa, kwa mikono ya wote wawili: baba aliuza bafle, mama aliongeza siku za kuuza sombe sokoni. Ile televizyo bado imeegemea ukuta, imefunikwa kitambaa. Fundi amepunguza bei mpaka dola 110, nao wameamua kwanza kununua stabilizateri, ndipo watengeneze. Wako kwenye dola 20 kati ya 35. Kijana mkubwa ndiye anayeandika daftari.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja aje na mambo mawili: urefu wa saloni yake kwa kikwembe, na nguzo nne zilizojazwa bei alizouliza mwenyewe katika maduka mawili tofauti. Hata asiye na mpango wa kununua mwaka huu alete, maana bei zake zitamsaidia mwenzake. Juma lijalo tunarudi jikoni: namna ya kununua gunia la makala wawili wawili pasipo kugombana.

Mubaki salama, na mtusalimie watoto.